Simu Iliyolala Kwenye Droo Iwe Seva ya Mafaili ya Nyumbani: Mwongozo Kamili

Picha za familia zimetapakaa: nyingine ziko kwenye simu ya mama, nyingine kwenye laptopu, nyingine kwenye flashi ambayo hakuna anayekumbuka iko wapi. Dawa inajulikana. Ni kuwa na kifaa kimoja nyumbani kinachowaka saa 24, kila mtu akapeleka mafaili yake huko kwa Wi-Fi. Mwenye uwezo hununua kisanduku cha Synology au QNAP na diski zake. Wengine hufufua kompyuta ya zamani ya mezani. Mimi nashauri simu ya Android uliyoacha kuitumia, na sababu yangu ya kwanza ni umeme.

Kompyuta ya mezani ambayo haifanyi lolote hula wati 40 hadi 60. Chukua 50: mara saa 24, mara siku 30, unapata uniti 36 kwa mwezi. Kwa mwenye LUKU ya daraja la D1, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, karibu nusu imeondoka kabla friji haijaguswa. Simu iliyozima kioo na kubaki hewani kwenye Wi-Fi hula wati moja hadi mbili. Hata ukiihesabia mbili, ni uniti 1.44 kwa mwezi. Halafu ina betri ndani yake, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kunakili mafaili, seva haianguki.

Ila Android haikutengenezwa iwe seva. Kazi yake ni kulaza programu ili chaji ikae. Betri ya lithiamu nayo haikutengenezwa ining'inie kwenye chaja mwaka mzima. Kusakinisha programu ni kazi ya nusu saa. Kuifanya simu isilale, na betri isivimbe, ndiko kuliko na kazi yenyewe, na ndiko nitakakokawia.

Simu ipi, na kadi ipi

Inatosha Android 7 au zaidi, RAM ya GB 2, na hifadhi ya ndani ya GB 64 au nafasi ya memori kadi. Kioo kikiwa kimepasuka si hoja ilimradi mguso unakubali. Tundu la chaji lililolegea ni hoja kubwa, maana utadhani inachaji kumbe haichaji. Ilaze simu juu ya meza iliyo sawa, uisukume pembeni kwa kidole: ikizunguka kama pia, au mfuniko wa nyuma umeinuka, betri imevimba. Hiyo usiitumie hadi fundi abadilishe betri.

Kabla ya kuifuta, ondoa akaunti ya Google kwenye mipangilio, kisha irudishe katika hali ya kiwandani. Ukifuta bila kuondoa akaunti, simu ikiwaka inaweza kudai akaunti ileile ya zamani. Toa laini. Kifaa ambacho hakipati tena masasisho ya usalama hakifai kukaa na laini yenye pesa zako, wala programu ya benki.

Watu wengi huuliza kuhusu kuchomeka diski ya nje kwa waya wa OTG. Sishauri. Kwanza, tundu ni moja, na diski ikikaa hapo simu nyingi haziwezi kuchaji. Pili, simu nyingi mpya zisizo na ruhusa za ndani kabisa za mfumo hazimwachii Termux, programu tutakayoitumia, aandike kwenye diski hiyo. Memori kadi ndiyo njia rahisi.

Kwenye kadi, kuwa macho. Kadi feki zimejaa madukani na mitaani, Kariakoo zikiwemo: imeandikwa GB 256, ndani ina GB 16, na ikijaa inaanza kufuta ulichoweka mwanzo bila kukuambia. Usiweke picha hata moja kabla ya kuipima. Kwenye Windows tumia H2testw; kwenye Linux au Mac tumia F3, ambayo amri zake mbili, `f3write` na `f3read`, huijaza kadi nzima kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Inachukua saa kadhaa, iache usiku. Na usishtuke kadi halisi ya GB 128 ikionekana kama 119 kwenye Windows. Ni tofauti ya namna ya kuhesabu, hujaibiwa. Ukipata kadi zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera za ulinzi au za magari, ongeza pesa kidogo uchukue hizo, kwa sababu huhimili kuandikwa mara nyingi.

Simu ikikuuliza kadi itumike vipi, chagua hifadhi ya kuhamishika. Ukichagua iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, Android itaifunga kwa msimbo wa simu hiyo peke yake, na simu ikifa kadi haisomeki kwingine.

Betri kwanza, programu baadaye

Kinachoua betri ni vitu viwili vikikutana: joto, na kukaa asilimia 100 muda mrefu. Kwa hiyo vua kava, na usiiweke simu juu ya ruta, juu ya dekoda wala ndani ya kabati lililofungwa. Isimamishe kwenye sakafu ya vigae au rafu ya chuma yenye hewa. Tumia chaja ya kawaida ya wati 5 au 10, si ile ya kasi. Seva haina haraka ya kujaa.

Simu nyingi za Samsung, na Pixel za karibuni, zina sehemu ya kulinda betri inayosimamisha chaji kwenye asilimia 80 au 85. Kama yako inayo, iwashe na umemaliza.

Kama haina, nunua soketi yenye taima, ile ya mshale ya dukani kwa mafundi umeme. Betri ya mAh 4,000 hubeba takriban watisaa 15, na simu ikila wati 1.5 itadumu kama saa 10 ikiwa betri ni mpya, pungufu ya hapo ikiwa imechoka. Anza na saa moja ya chaji kwa kila saa nne za mapumziko, uangalie asilimia kwa siku mbili tatu, kisha rekebisha ili icheze kati ya 40 na 80. Taima ya mshale hupoteza majira kila umeme unapokatika, lakini hapa haina madhara; tunachohitaji ni mzunguko, si saa kamili.

Termux

Termux ni programu inayokupa terminali na vifurushi vya Linux ndani ya Android bila kuichokonoa simu. Ichukue F-Droid, duka la programu huria, pamoja na wenzake wawili: Termux:Boot na Termux:API. Zote tatu zitoke sehemu moja. Ukichukua moja F-Droid na nyingine kwingine, sahihi zao hazitalingana na simu itakataa kuziunganisha.

Ifungue, uandike:

```
pkg update && pkg upgrade
pkg install openssh rsync rclone termux-api
termux-setup-storage
```

Amri ya mwisho italeta ombi la ruhusa ya kufikia mafaili; kubali. Itatengeneza folda iitwayo `storage` yenye njia za mkato kwenda hifadhi ya simu.

Sasa amua mafaili yatakaa wapi. Kwenye hifadhi ya ndani:

```
mkdir ~/storage/shared/Seva
ln -s ~/storage/shared/Seva ~/seva
```

Kwenye memori kadi:

```
mkdir ~/storage/external-1/Seva
ln -s ~/storage/external-1/Seva ~/seva
```

Fanya moja, si zote. Na hapa pana mtego ambao wengi hawauoni hadi siku ya msiba: `external-1` kwa kweli ni folda `Android/data/com.termux/files` ndani ya kadi, na Android huihesabu kuwa mali ya Termux. Ukiondoa Termux kwenye simu, folda hiyo inafutwa na kila kilichomo. Usiiondoe kamwe kabla hujachomoa kadi. Hifadhi ya ndani haina shida hiyo.

Mlango wa kuingilia

Weka nenosiri, kisha washa seva ya SSH, njia salama ya kuingia kwenye simu ukiwa kwenye laptopu:

```
passwd
sshd
whoami
```

`whoami` itakupa jina kama `u0_a215`. Liandike pembeni. Termux husikiliza kwenye poti (namba ya mlango wa mtandao) 8022, si 22 iliyozoeleka, kwa sababu Android hairuhusu programu za kawaida kushika poti zilizo chini ya 1024. Hiyo ndiyo sababu pia sikuanza na Samba, ile njia ya kawaida ya Windows ya kushirikisha folda. Yenyewe inataka poti 445, na bila mamlaka kamili juu ya simu huipati.

Anwani ya simu utaiona kwenye mipangilio ya Wi-Fi, mathalani 192.168.1.50. Kutoka kwenye laptopu, Windows 10 na 11 zikiwemo kwa kuwa zina SSH tayari:

```
ssh -p 8022 u0_a215@192.168.1.50
```

Ukiingia, tengeneza ufunguo ili uachane na nenosiri. Kwenye laptopu andika `ssh-keygen -t ed25519`. Kwa Linux na Mac, upeleke hivi:

```
ssh-copy-id -p 8022 u0_a215@192.168.1.50
```

Windows haina amri hiyo, kwa hiyo kwenye PowerShell:

```
type $env:USERPROFILE\.ssh\id_ed25519.pub | ssh -p 8022 u0_a215@192.168.1.50 "cat >> ~/.ssh/authorized_keys"
```

Hakikisha sasa unaingia bila kuulizwa nenosiri la simu. Ukishajiridhisha, fungua `$PREFIX/etc/ssh/sshd_config`, weka mstari `PasswordAuthentication no`, kisha `pkill sshd` na `sshd` tena. Kama kuna mtu nyumbani ambaye hatayaweza mambo ya funguo, acha nenosiri, lakini liwe refu.

Kuizuia Android isilaze seva

Ukiishia hapo juu, kila kitu kitafanya kazi hadi kioo kizime. Dakika chache baadaye laptopu itasema haipati seva, nawe utadhani ruta imeharibika. Yafuatayo yote yanahitajika, si moja.

Fungua mipangilio, nenda programu, Termux, betri, uiruhusu itumie betri bila vikwazo. Fanya hivyo kwa Termux:Boot pia. Simu nyingi za Tecno na Infinix zina programu ya ziada iitwayo Phone Master, nayo ina orodha yake ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe; iweke Termux humo. Xiaomi nayo ina orodha ya aina hiyo kwenye ruhusa za programu. Kisha bonyeza kitufe cha programu za hivi karibuni, shikilia dirisha la Termux, ulifunge kwa alama ya kufuli, ili mtoto akisafisha simu asiifute.

Kwenye Android 12 kwenda juu kuna kikwazo kingine: mfumo huua michakato ya ziada ya programu ikizidi 32 kwa simu nzima. Utakijua kwa ujumbe huu ndani ya Termux:

```
[Process completed (signal 9) - press Enter]
```

Kwenye Android 14 kwenda juu, washa chaguo za wasanidi programu kwa kugonga nambari ya muundo mara saba, kisha tafuta swichi inayoondoa vizuizi vya michakato tanzu. Kwenye Android 13 na 12L (sasisho la 12) utahitaji kebo, kompyuta yenye `adb`, zana ya kuiamuru simu kupitia kebo, na amri hii:

```
adb shell "settings put global settings_enable_monitor_phantom_procs false"
```

Mwisho, fungua Termux:Boot mara moja kwa kugusa alama yake, vinginevyo Android haitaitambua, kisha tengeneza faili la kuanzishia:

```
mkdir -p ~/.termux/boot
nano ~/.termux/boot/anza
```

Ndani yake:

```
#!/data/data/com.termux/files/usr/bin/sh
termux-wake-lock
sshd
```

`termux-wake-lock` ndiyo inayomwambia Android asiilaze prosesa. Kama `nano` haipo, `pkg install nano`.

Kuna uamuzi mmoja sikufanyii. Simu yenye PIN ikizimika na kuwaka upya, mafaili yake hubaki yamefungwa hadi mtu aingize PIN, na Termux:Boot haitaanza kabla ya hapo. Ukiondoa PIN seva itajiwasha yenyewe, lakini atakayeiba simu amepata kila kitu. Mimi naweka PIN. Kwa kuwa betri hubeba kukatika kwa umeme, simu kuzimika kabisa ni nadra, na kuingiza tarakimu mara mojamoja si adhabu.

Anwani isihame

Ruta hugawa anwani upya inapowaka, na nyumba ambayo umeme hukatika itaona hilo mara kwa mara. Ingia kwenye ruta, nyingi ziko 192.168.1.1 na zile ndogo za 4G za Huawei 192.168.8.1, utafute sehemu ya DHCP ya kutenga anwani kwa kifaa. Kabla ya hapo, kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu, badilisha faragha ya mtandao huo itumie MAC (nambari ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) halisi badala ya ile ya kubuni. Usipofanya hivyo, siku utakapobadilisha jina la Wi-Fi au kuirudisha simu katika hali ya kiwandani itakuja na MAC nyingine na anwani uliyoitenga haitaipata. Kama ruta ina utengano wa vifaa vya Wi-Fi, uzime, la sivyo laptopu na simu hazitaonana.

Ruta yenyewe haina betri. UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti 12 kwa ajili yake inamaliza nusu ya malalamiko ya nyumbani, seva au si seva.

Kuitumia kila siku

Kwenye Windows, tumia programu ya WinSCP: chagua SFTP (kuhamisha mafaili kupitia SSH), poti 8022, jina na anwani, na utaona folda `seva` kama folda nyingine yoyote. Kwenye simu za wengine, Material Files husoma SFTP, na VLC hucheza video moja kwa moja kutoka hapo. Termux ina mtumiaji mmoja tu, kwa hiyo anayeingia kwa SFTP anaona vyote na anaweza kufuta vyote. Kwa watoto na wageni, fungua dirisha la kutazama tu:

```
rclone serve http ~/seva/Video --addr 0.0.0.0:8080 --user familia --pass NENO_LAKO
```

Nao wataandika `http://192.168.1.50:8080` kwenye kivinjari. Hawawezi kufuta chochote. Usimbaji haupo hapo, kwa hiyo nenosiri hilo lisiwe lile la SSH.

Kwa picha zilizo kwenye laptopu ya Linux au Mac, amri moja inatosha:

```
rsync -rv --size-only -e "ssh -p 8022" ~/Picha/ u0_a215@192.168.1.50:seva/Picha/
```

Nimeweka `--size-only` kwa sababu hifadhi ya Android mara nyingi hukataa kupokea tarehe za mafaili, na bila hiyo rsync itanakili upya kila kitu kila siku. Picha na video hazibadiliki, kwa hiyo ukubwa unatosha kuzitambua. Kwa nyaraka unazozihariri usiitumie.

Mzigo wa kwanza usiupitishe hewani. Wi-Fi ya GHz 2.4 ndani ya nyumba yenye kuta nene ikikupa MB 5 kwa sekunde umebahatika, na GB 100 kwa kasi hiyo ni saa tano na nusu. Kama unatumia kadi, zima simu, toa kadi, ichomeke kwenye laptopu, ubandike mafaili ndani ya `Android/data/com.termux/files/Seva`. Baada ya hapo Wi-Fi ibebe nyongeza za kila siku. Kama kadi ni ya FAT32, faili moja lenye GB 4 au zaidi litakataa. Kadi za GB 64 kwenda juu huja na exFAT, ambayo haina tatizo hilo.

Picha za simu za wanafamilia zije zenyewe kwa Syncthing, programu inayoweka folda za vifaa viwili sawa. Upande wa seva, `pkg install syncthing`, kisha ongeza mstari `syncthing &` mwishoni mwa faili la kuanzishia. Ukurasa wake wa mipangilio upo `http://127.0.0.1:8384` kwenye kivinjari cha simu hiyohiyo. Upande wa simu nyingine tumia Syncthing-Fork, kwa kuwa ile programu rasmi ya Android ilisitishwa Desemba 2024. Weka folda ya kamera iwe ya kutuma tu, na ya seva iwe ya kupokea tu. Na kwenye seva washa mpangilio wa juu wa kupuuza ufutaji, vinginevyo mama akifuta picha kwenye simu yake ili apate nafasi, itafutika na huku.

Afya ya betri unaiuliza ukiwa kwenye laptopu:

```
$ termux-battery-status
{
  "health": "GOOD",
  "percentage": 71,
  "plugged": "UNPLUGGED",
  "status": "DISCHARGING",
  "temperature": 32.8
}
```

Itatoa na mistari mingine. Angalia `temperature`. Kwa Dar es Salaam, 32 hadi 36 ni kawaida. Ikivuka 40 simu ikiwa haifanyi kazi yoyote, hamisha mahali au punguza saa za chaji.

Ukiwa nje ya nyumba

Usifungue poti kwenye ruta. Kwanza, ruta nyingi za 4G hazikubali, kwa sababu kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Pili, Android ya zamani haifai kutazamana na intaneti uso kwa uso. Sakinisha Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, kwenye seva na kwenye simu yako, uingie kwa akaunti moja. Kila kifaa kitapata anwani inayoanza na 100, na hiyo utaitumia mahali pa 192.168.1.50. Kumbuka ni bando la nyumbani linalopakia na bando lako linalopakua; filamu ya GB 2 inakula pande zote mbili.

Nakala ya pili

Kilichopo kwenye simu hii pekee hakina nakala. Kadi hufa bila taarifa, na simu huibiwa. Nunua diski ya nje, na kila mwisho wa mwezi ichomeke kwenye laptopu uvute kila kitu:

```
rsync -rv --size-only -e "ssh -p 8022" u0_a215@192.168.1.50:seva/ /media/diski/Seva/
```

Usiongeze `--delete`. Kilichofutwa kwa bahati mbaya kwenye seva utakikuta bado kwenye diski. Kwa Windows, WinSCP ina kitufe cha kusawazisha folda (Synchronize) kinachofanya kazi hiyohiyo. Ukimaliza, chomoa diski uipeleke kwa ndugu au ofisini, isikae nyumba moja na seva.